Theluthi Tano kwa Jioni Moja: Tamasha la Bia la Cambridge kwa Mnywaji wa Kiasi

Kwa mtu anayekunywa chupa mbili mwisho wa wiki na kurudi zake nyumbani, Tamasha la Bia la Cambridge lina mambo mawili ya kumkatisha tamaa ndani ya dakika kumi za mwanzo. La kwanza ni wingi: hema kubwa, kaunta ndefu, na nyuma yake mapipa zaidi ya mia mbili yamelazwa kwenye fremu, kila moja na kadi yake. La pili ni bia yenyewe. Povu lake ni dogo, gesi yake haichomi koo, na ubaridi wake si ule wa friji. Aliyezoea Tusker au Kilimanjaro iliyotoa jasho mezani ataonja mara moja, atasema imekufa gesi, na ataondoka akiamini ameuziwa bia iliyolala.

Sisi tunalipatia tamasha hili alama nne na nusu kati ya tano, na tunaamini ni zuri kwa mnywaji wa kiasi kuliko kwa mlevi. Lakini sharti aingie akijua kwa nini bia ya pale iko hivyo, na aagize kwa theluthi ya painti, glasi ndogo ya mililita 189.

Tamasha lina umri. Lilianza mwaka 1974 katika ukumbi wa Corn Exchange, miaka mitatu baada ya kuzaliwa kwa CAMRA, chama cha wanywaji ambacho tawi lake la Cambridge ndilo linaloliendesha hadi leo. CAMRA ilianzishwa mwaka 1971 na Waingereza wanne waliokuwa likizoni Ireland. Kilichowaudhi ni kwamba kampuni kubwa zilikuwa zikiondoa bia ya pipa kwenye baa na kuweka bia iliyochujwa, iliyopashwa moto ili hamira ife, kisha ikasukumwa kwa gesi ya mtungi; Red Barrel ya Watney ndiyo iliyotajwa sana. Kwa hiyo bia iliyo hai ndani ya pipa ndiyo sababu ya tamasha kuwepo. Siku hizi hufanyika Mei, kwenye uwanja wa majani wa Jesus Green, pembeni mwa mto Cam.

Wahudumu wa kaunta ni watu waliojitolea. Hawalipwi. Hilo lina uzuri wake, maana ukiuliza "ipi nyepesi, isiyo chungu sana?" utapata jibu la mtu aliyeonja, na mara nyingi atakumiminia tone uonje kabla ya kulipa. Lina ubaya wake pia: kasi si ile ya mhudumu wa baa, na foleni ikiwa nene utasubiri. Usimwulize mwenye kaunta iliyojaa watu akueleze kila pipa. Soma kadi kwanza, chagua mbili, kisha uliza kuhusu hizo mbili.

Sasa pipa lenyewe, kwa sababu hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Pipa la kawaida la tamasha huitwa fakini: galoni 9 za Kiingereza, karibu lita 41, yaani painti 72. Bia hufika ikiwa na hamira hai ndani, bado inachacha taratibu. Kabla milango haijafunguliwa, watu wa mapipa hulilaza kwenye fremu na kulikaza kwa kabari lisitikisike. Kisha kwa nyundo hupigilia kijiti laini cha mbao kwenye tundu la juu, na gesi iliyozidi hupenya kwenye nyuzi za kile kijiti. Povu hububujika pale juu kwa saa kadhaa, na pipa lenye nguvu huendelea hadi kesho yake. Likitulia, kijiti laini hung'olewa, kikawekwa kigumu kisichopitisha hewa ili gesi iliyobaki isiishe. Bilula hupigiliwa mbele. Halafu ni kusubiri mashapo yashuke kwenye tumbo la pipa, jambo linalochukua siku moja au mbili.

Mashapo hayo mara nyingi husaidiwa kushuka na ute unaotengenezwa kwa kibofu cha hewa cha samaki. Ni kiungo kilekile ambacho wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria hukiita bondo na kukiuza kwa bei nzuri. Asiyekula samaki aulize bia isiyotiwa ute huo. Zipo nyingi siku hizi, nazo huwa na ukungu kidogo bila kuwa na kasoro.

Kutokana na kazi hiyo yanatokea mambo matatu ambayo mgeni hukutana nayo bila kuelewa chanzo chake. Pipa likigongwa, mashapo huamka na bia huwa kama maji ya mtoni hadi itulie tena, ndiyo maana bia uliyoifuata kutoka mbali inaweza kuwa na alama ya "bado" huku pipa lake likionekana pale pale. Pipa likishafunguliwa, kila glasi inayotoka huacha nafasi inayojazwa na hewa, na hewa huiharibu bia. Siku tatu hivi, baada ya hapo ladha inashuka. Tena painti 72 ni theluthi 216 tu. Bia yenye jina, ikifunguliwa saa moja jioni hema likiwa limejaa, yaweza kuisha kabla hujamaliza kula. Kama kuna bia moja uliyoikusudia, iwe ya kwanza au ya pili kuinunua.

Kuhusu ubaridi. Kwetu mhudumu huuliza, "Baridi au ya moto?" na ya moto ni ile ambayo haijaingia kwenye friji. Bia ya pipa ya Kiingereza inakaa kati ya hizo mbili: nyuzi 11 hadi 13 za selsiasi, baridi kidogo kuliko maji ya mtungi. Kiasi hicho kimechaguliwa. Ubaridi mkali hufisha ulimi, na bia yenye asilimia 4 ya kilevi haina kitu kingine cha kukuonyesha isipokuwa kimea chake na hopsi zake, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia. Gesi yake ni kama nusu ya ile ya lager ya chupa. Isitoshe, inatoka kwenye bilula kwa uzito wake yenyewe, bila pampu, kwa hiyo povu linakuwa dogo zaidi hata kuliko kwenye baa ya Kiingereza. Mpe ulimi wako theluthi mbili za kuzoea kabla ya kuhukumu. Tumeona mara nyingi kwamba ya tatu ndiyo inayomfungua mtu.

Shida ya kweli ni joto la hema. Mei ya Cambridge inaweza kuwa na siku ya jua kali, na hema la turubai hushika joto vibaya. Mapipa hupozwa kwa mipira ya maji baridi na kufunikwa kwa majaketi mazito, lakini yaliyopangwa safu ya juu hupata joto kabla ya yale ya chini. Mchana wa jua, mwulize mhudumu akupe kitu kutoka safu ya chini. Hakuna atakayekushangaa.

Twende kwenye kipimo, kwa maana hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu jioni yao. Sheria ya Uingereza inaruhusu bia ya kumimina iuzwe kwa theluthi ya painti, theluthi mbili, nusu painti, au nusu painti zilizorudiwa, kama painti moja au moja na nusu. Painti ni mililita 568, kwa hiyo theluthi ni mililita 189, pungufu kidogo ya kikombe cha chai. Mlangoni utapewa glasi kwa amana inayorudishwa. Chukua glasi ndogo, si ya painti. Glasi ina mistari ya vipimo ubavuni, na bia, bila povu, inatakiwa ifike kwenye mstari. Ikiwa chini ya mstari omba ijazwe. Ni haki yako, na kaunta za CAMRA hutimiza bila ubishi kwa sababu kipimo kamili ni moja ya mambo yaliyopiganiwa na chama hicho.

Hesabu ya kilevi ni rahisi. Waingereza hupima kwa yuniti, na yuniti moja ni mililita 10 za kilevi halisi. Tusker ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina yuniti 2.1. Theluthi ya bia ya asilimia 4 ina yuniti 0.76. Sasa chukua theluthi tano za jioni: mbili za asilimia 4, moja ya 4.5, moja ya 5 na moja ya 6. Jumla ni yuniti 4.4, yaani umeonja bia tano tofauti kwa uzito wa Tusker mbili na kidogo. Ukiagiza painti tano za bia zilezile, umekunywa yuniti 13 na zaidi, karibu zote 14 ambazo mwongozo wa afya wa Uingereza unashauri zisizidishwe kwa wiki nzima. Mwili huondoa takriban yuniti moja kwa saa. Na angalia kadi vizuri ukifika upande wa bia nzito: theluthi moja ya stauti, bia nyeusi ya jamii ya Guinness, yenye asilimia 10.5 ina yuniti 2, karibu sawa na Tusker nzima, katika glasi ambayo macho yako yanaiona kama ya kuonja.

Mpangilio wa kunywa unafuata ulimi. Anza na nyepesi, panda taratibu, na iliyo kali au yenye ladha ya kufunika nyingine iwe ya mwisho. Ukianza na bia iliyojaa hopsi, uchungu wake hubaki ulimini na bia laini itakayofuata itaonekana kama maji. Utaratibu tunaoupenda ni huu: kwanza maildi, bia ya rangi nzito isiyo na uchungu, yenye ladha ya kimea kilichokaangwa. Elgood's wa Wisbech, mji ulio katika mkoa huohuo wa Cambridgeshire, ambao kiwanda chao kinatengeneza bia tangu 1795, wana maildi iitwayo Black Dog ya asilimia 3.6 inayofaa kazi hiyo. Weusi wake usikutishe, ni nyepesi kuliko lager nyingi. Kisha bita, ambayo ndiyo bia ya kila siku ya Mwingereza: rangi ya chai ya rangi, biskuti kidogo, uchungu wa wastani; Wherry ya Woodforde's kutoka Norfolk ni mfano wake mzuri. Ya tatu iwe bia ya rangi hafifu yenye hopsi za kisasa. Oakham wa Peterborough wana iitwayo Citra, jina la hopsi ya Kimarekani inayonukia balungi na pasheni, na ni bia ambayo humfumbua macho mtu aliyedhani hopsi ni uchungu tu. Ya nne, pota au stauti. Anayejua Guinness ya chupa ya Afrika Mashariki ategemee kitu laini zaidi na kisicho kikali. Orodha hubadilika kila mwaka, kwa hiyo shika aina, usishike jina.

Ya tano ni uamuzi wako, na sisi tunashauri bia chachu. Mwingereza wa kawaida huikimbia, lakini aliyeonja mbege ya Uchaggani ana mlango wa kuingilia ambao wengine hawana. Mbege ina ndizi mbivu, kimea cha ulezi, uchachu, na uchungu wa gome la msesewe, ambalo kazi yake ni ile ile ya hopsi. Ulimi uliokulia hapo hautashtuka na bia ya Ubelgiji au ya hapo Uingereza iliyoachwa ichachuliwe na vijidudu vya hewani. Elgood's wenyewe wanayo ya namna hiyo, wakipoza maji ya kimea kwenye masinia mapana yaliyo wazi. Kwenye kaunta ya saida kuna njia nyingine: pombe ya matufaa na ile ya mapeasi, zisizo na gesi, tamu au kavu kabisa. Ziangalie kwa tahadhari. Nyingi ni asilimia 6 na kuendelea, na zinateremka kama juisi.

Baina ya bia, suuza glasi na unywe maji. Uingereza, mwenye leseni ya kuuza pombe anatakiwa kutoa maji ya bomba bure kwa anayeomba. Theluthi moja ya bia, theluthi mbili za maji.

Kasoro za bia zipo, hata kwenye tamasha linaloendeshwa vizuri, na kuzitambua hakuhitaji utaalamu. Harufu ya siki kwenye bita au maildi, bia ambazo hazikukusudiwa kuwa chachu, maana yake hewa na bakteria wameingia. Ni kasoro ya siku za mwisho. Harufu ya siagi au ya bisi zilizotiwa siagi hutokea pale hamira ilipoondolewa mapema kabla haijamaliza kula mabaki yake. Ladha ya karatasi iliyolowa ni bia iliyozeeka. Ukungu peke yake si kasoro: soma kadi, kwani bia za ngano na nyingi za kisasa ni za ukungu tangu zilipotoka kiwandani. Ukungu pamoja na ladha ya hamira mbichi na chengachenga chini ya glasi, hayo ni mashapo, ama pipa limeamka ama limefika mwisho. Rudisha glasi ikiwa bado imejaa, sema tu "nadhani hii ina siki". Mhudumu ataonja na kukubadilishia. Usinywe nusu halafu ulalamike.

Kasoro moja unaifanya mwenyewe. Hopsi zikipigwa na jua hutoa harufu mbaya, kama ya mnyama wa porini, na kwenye glasi inayoonyesha hutokea ndani ya dakika chache. Ndiyo maana bia nyingi huwekwa kwenye chupa ya kahawia. Ukikaa kwenye majani nje ya hema, weka glasi upande wa kivuli cha mwili wako au chini ya kofia. Wengi hulaumu pipa kwa kosa la jua.

Siku ya kwenda: Jumatano au Alhamisi, alasiri ikielekea jioni. Jumatatu baadhi ya mapipa yanakuwa hayajatulia. Ijumaa jioni ni umati, na kelele zake zinafanya mazungumzo na mhudumu yasiwezekane. Jumamosi hali ya hewa na watu huwa wa furaha, ila kadi nyingi zimeshapinduliwa, yaani bia zake zimeisha, na kilichobaki ama ni kile ambacho hakikupendwa ama kimekaa wazi siku nyingi. Kiingilio hubadilika kulingana na siku na saa, na wanachama wa CAMRA hupata nafuu. Orodha ya bia huwekwa mtandaoni. Chagua nane nyumbani ili ukose tatu na bado ubaki na tano. Beba kitambulisho chenye picha hata kama mvi zimeanza, na beba kadi ya benki pamoja na fedha taslimu kidogo.

Viti ni vichache kuliko watu. Beba mkeka au kanga nzito ya kukalia, na koti, kwa sababu jua likizama kando ya ule mto baridi hushuka haraka, hata siku iliyokuwa na joto. Mvua ikinyesha watu wote huingia hemani kwa mpigo na kaunta hazifikiki kwa nusu saa. Ukiona wingu, nunua kwanza.

Chakula kipo, na kaunta ya jibini ndiyo fahari ya tamasha hili. Kwetu sisi peke yake inatosha kumleta mtu asiyekunywa. Cheddar kavu na bita, au Stilton yenye mishipa ya buluu na pota au bia nzito ya mwisho: chumvi ya jibini hupunguza uchungu na utamu wa kimea hulainisha ukali wa ile buluu. Kijiji cha Stilton chenyewe kiko mkoa huu wa Cambridgeshire, lakini sheria inaruhusu jibini hiyo itengenezwe Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire tu, hivyo kijiji kilichoipa jina hakiruhusiwi kuitengeneza. Kula kabla ya theluthi ya pili, si baada ya ya nne.

Kutoka London King's Cross treni ya haraka huchukua kama dakika 50, na kutoka stesheni hadi Jesus Green ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kupitia uwanja wa Parker's Piece. Usije na gari. Usije na baiskeli pia, ingawa Cambridge ni mji wa baiskeli: kuendesha ukiwa umelewa ni kosa kisheria, na njia ya kando ya mto ni nyembamba na giza. Wakati wa kurudi shika njia ya kuelekea mjini penye taa.

Amana ya glasi hurudishwa kwenye meza iliyo karibu na mlango, na dakika za mwisho kabla ya kufunga foleni yake ni ndefu kuliko ya bia. Toka nusu saa mapema, au ifunge glasi ndani ya ile kanga uende nayo.